"Hapana" ya Bwana Lionel

Ijumaa nilirudisha kitambulisho cha kazi. Jumatatu asubuhi niliamka, nikavaa viatu vyangu vya kutembelea, nikatoka. Nilikuwa tayari nimefika stesheni nilipokumbuka kwamba hakuna mlango unaoningoja popote. Nikapanda treni hata hivyo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mfereji, behewa nusu tupu, na nyumba zikawa zinapita dirishani kama watu ambao sura zao nazijua ila majina yamenitoka. Nyingi kati ya hizo nimewahi kuzibishia hodi. Nilifika Sutton Coldfield, nikanywa chai, nikarudi. Nikiwa njiani ndipo nilipoamua kuwaandikia nyinyi mliobaki ofisini, kabla ukungu ule haujahamia kichwani mwangu.

Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na kiti kibovu kuliko cha kwanza.

Nilianza kazi hii mgongo ulipokataa ile ya kwanza. Nilikuwa nikitunza wazee majumbani, kama Wakenya wengi wa hapa Uingereza, na siku moja nilimwinua bibi mmoja kutoka kitandani nikabaki nimeinama mimi. Rafiki yangu Wambui, tuliyekuwa tukifanya naye zamu, ndiye aliyeona tangazo: wanatafutwa watu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza maswali. "Wewe si unapenda kuuliza watu mambo yao," akaniambia. "Sasa utalipwa."

Ofisi ilikuwa katikati ya Birmingham, juu ya duka la miwani. Siku ya kwanza nilipokelewa na mzee wa Kisikh, kilemba cha rangi ya majivu, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Alitazama jina langu kwenye karatasi, Rosemary Kavata, kisha akasema kwa Kiswahili, bila kuinua macho:

"Kavata. Hilo ni la Ukambani."

Niligeuka kumtafuta aliyesema.

"Ni mimi, dada. Gurdeep. Nilizaliwa Kisumu. Wewe je?"

"Machakos."

"Basi kaa chini. Hapa hakuna anayemuuliza mtu swali kabla hajajiuliza mwenyewe."

Akanipa dodoso, kurasa kumi na kitu zilizobanwa kwa pini. Lilihusu chuki dhidi ya Wayahudi. Kamati moja ya jiji ilitaka kujua chuki hiyo ina ukubwa gani kwetu, inakaa wapi, na ni kitu gani hasa kinachoipunguza, kwa sababu hadi wakati huo walikuwa wakiipiga vita kwa kubahatisha. Mimi nilijaza haraka haraka, kama mtu asiye na deni na swali lolote. Palikuwa na sentensi isemayo kwamba Wayahudi wana kipaji cha pesa kuliko watu wengine. Nikatia alama kwenye "nakubali kabisa". Kanisani kwetu nilikuwa nimesikia hivyo tangu utotoni, tena kama sifa, tena tukihimizwa tuwaige.

Mzee Gurdeep alisoma majibu yangu polepole. Alipofika hapo akaweka kidole.

"Unawajua Wayahudi wangapi?"

"Simjui hata mmoja. Ila wale wa kwenye Biblia."

"Hao hawakai Birmingham." Nje mvua nyepesi ilikuwa ikiteleza kwenye kioo. "Baba yangu alikuwa fundi seremala Kisumu. Usiku alikuwa akipaka mafuta vidole vyake vilivyopasuka. Mfukoni hana kitu. Lakini mtaa mzima ulimsifu: 'Wahindi, hao wanajua pesa.' Naye alikuwa akicheka nao. Kisha siku zikageuka, na midomo ile ile ikasema, 'Wahindi wamekula pesa yetu.' Unaona? Hawakubadilisha wimbo, walibadilisha sauti tu."

Nilihisi uso ukipata moto. Nilinyoosha mkono nifute alama yangu, akaizuia karatasi.

"Iache. Tunapima watu walivyo, na wewe ni mtu."

Nililiweka dodoso lile kwenye droo yangu muda wote wa kazi. Kila mfanyakazi mpya aliyekuja ofisini nilimpa lake ajaze, na wengi wenu mnakumbuka jinsi mlivyonichukia wiki hiyo.

Miaka ya mwanzo naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoiota akiwa na homa kidogo: milango ya kijani, milango ya buluu, mbwa nyuma ya vioo, harufu ya vitunguu kutoka jikoni tusikoingia. Orodha ya anwani ilitoka kwenye kompyuta na haikujali vilima. Huruhusiwi kuruka nyumba yenye mbwa ukaingia ya jirani mwenye tabasamu, kwa sababu ukifanya hivyo utapima jiji la watu wenye tabasamu. Usipomkuta mtu, unarudi hadi mara sita. Nilikuwa na kadi tano za majibu, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", zimefunikwa plastiki kwa ajili ya mvua, na kalamu ya risasi, kwa sababu wino hulowa. Baadaye walituletea vishikwambi. Vishikwambi vilizima baridi ilipozidi. Kalamu ya risasi haikuzima hata siku moja.

Mtaa wa Hodge Hill, mama mmoja mzee alinikaribisha kwenye sebule yenye joto, akakubaliana na kila sentensi. Wayahudi wana nguvu kupita kiasi? Anakubali. Wayahudi ni raia wema kama wengine? Anakubali kabisa. Nilirudi ofisini nimechanganyikiwa.

"Huyo hachukii mtu," Mzee Gurdeep akasema. "Alitaka usiondoke. Alikupa biskuti?"

"Mara tatu."

"Ndiyo maana nusu ya sentensi zetu tunazigeuza. Anayesema 'ndiyo' kwa kila kitu, hiyo 'ndiyo' yake ni ya upweke. Kipimo kisichojua kutofautisha upweke na chuki kitatuma polisi mahali panapohitaji mgeni wa chai."

Hayo ndiyo masomo aliyonipa. Alinifundisha pia kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wa pande zote hupenda kuvichanganya. Mtu kuikosoa serikali ya Israeli, hata kwa ukali, ni maoni ya siasa. Mtu kumgeukia jirani yake wa hapa, kwa kuwa tu ni Myahudi, na kumdai ajibu kwa niaba ya serikali hiyo, hilo ni jambo jingine. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni mstari mmoja. Kwenye mlango wa mtu ni maisha yake.

Sasa nifike kwa Bwana Lionel. Jina si lake, na mtaa sitautaja, ila ulikuwa upande wa Longbridge, karibu na pale palipokuwa kiwanda cha magari kabla ya kujengwa maduka na nyumba mpya. Alikuwa ameshona viti vya magari kiwandani humo hadi siku ya mwisho. Mwaka huo tulikuwa na dodoso la pili, fupi, la Wayahudi wenyewe: limekupata tusi? Umepigwa? Mali yako imeharibiwa? Umetishwa? Alikuwa amekubali kwa barua tumtembelee.

"Ingia, bab," akaniambia. Watu wa Birmingham humwita hivyo yeyote wanayemtendea wema, hata mwanamke mwenye wajukuu. Jua hafifu la Machi lilikuwa limeingia sebuleni likalala kwenye zulia kama paka. Alinionyesha kiti chake. Alikuwa amekishona mwenyewe, na mshono ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula.

Niliuliza maswali yote. Alijibu "hapana" kwa kila moja, kwa upole, mikono juu ya magoti. Katika miezi kumi na miwili hakuna tusi, hakuna jiwe, hakuna barua. Nilifurahi kwa ajili yake. Nikafunga dodoso, nikamshukuru, akanisindikiza mlangoni.

Pale mlangoni, kwenye mwimo ulio kulia kwa anayeingia, usawa wa bega langu, niliona alama. Rangi ya mlango ilikuwa imepauka kwa jua la miaka, isipokuwa kipande kimoja chembamba, urefu wa kidole, kilichokaa mshazari, kingali cheusi na kinang'aa. Tundu mbili za skrubu, moja juu, moja chini. Nilikuwa nimeingia nyumba za kutosha kujua ni nini kilichokuwa pale. Wayahudi wengi hubandika mlangoni kijisanduku chembamba chenye maneno ya Torati ndani, na hukiita mezuza.

Sheria ya kazi ilisema mahojiano yakiisha yameisha. Nilisimama, mkoba begani.

"Imeenda wapi?" nikauliza.

Alifuata macho yangu. "Nimeihamishia ndani. Kwenye mlango wa chumba cha kulala."

"Kwa nini?"

"Ili uje uniulize maswali yako, bab, nikujibu hapana."

Ndege fulani alikuwa akiimba kwenye ua wa jirani. Nakumbuka nilimsikiliza huyo ndege kwa sababu sikujua nitazame wapi. Kisha Bwana Lionel akaeleza, bado ameshika kitasa. Vita vilipowaka huko mbali na kujaa kwenye televisheni, jirani yake wa miaka mingi, ambaye walikuwa wakiazimana ngazi, alimuuliza kutoka ng'ambo ya ua, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Haya, na nyinyi mna lipi la kusema?"

"Nikamwambia, mimi nimeshona viti vya magari maisha yangu yote. Serikali pekee niliyowahi kugombana nayo ni ya hapa hapa. Akasema alikuwa anauliza tu. Labda kweli alikuwa anauliza tu. Lakini tangu siku hiyo hakuazima ngazi. Na mimi nikachukua bisibisi."

"Hilo hukuniambia tulipokuwa tumekaa."

"Hukuuliza. Uliuliza kama nimetukanwa. Sikutukanwa."

Nilitembea hadi kituo cha basi, nikaacha mabasi mawili yapite. Kisha nikatoa kalamu ya risasi na kuandika pembezoni mwa ukurasa wa mwisho: Ameondoa mezuza nje. Amepoteza jirani. Hakuna swali linalohusu haya.

Wakati huo mkuu wetu alikuwa Clare, mwanamke mwadilifu, mpenda majedwali. Alikuwa na habari njema mezani: katika mitaa kadhaa taarifa za matukio zilikuwa zimeshuka, karibu kuisha. Kamati ilikuwa inakaribia kukata shauri kwamba mabango yao yamefanya kazi, yale ya kwenye mabasi yenye nyuso zinazotabasamu, na kwamba ile huduma ndogo ya simu, inayowasikiliza wanaotaka kuripoti, sasa ingeweza kufungwa.

Nikampa dodoso la Bwana Lionel.

"Amejibu hapana," Clare akasema.

"Soma pembeni."

Alisoma. Aliinua macho, akayarudisha tena kwenye karatasi. "Rosemary, pembezoni hapaingii kwenye kompyuta. Siwezi kwenda kwa kamati na tundu mbili za skrubu."

"Ukienda bila hizo, utawaambia homa imeshuka kumbe mgonjwa amekitoa kipimajoto mdomoni."

Hakukasirika. Mzee Gurdeep, aliyekuwa akijifanya hasikii, akasema kutoka mezani kwake: "Tupe wiki tatu. Turudi kwenye nyumba zile zile na swali moja tu."

Tulilitunga swali lile siku mbili. Msicheke. Swali zuri ni gumu kuliko hotuba. La kwanza lilikuwa refu, la pili lilimtia mtu jibu mdomoni, la tatu lilimfanya mke wa Mzee Gurdeep, tuliyemjaribia, aanze kulia, na tukaliacha. La mwisho lilikuwa hivi: "Kuna jambo ulilokuwa ukilifanya kwa kawaida, ambalo sasa hulifanyi?"

Tukazunguka. Wiki zile tatu ndizo ninazoziona hata sasa nikifumba macho kwenye treni. Watu waliotujibu hapana, hapana, hapana, walisikia swali lile wakanyamaza, na kimya chao kilikuwa na mlango. Msichana mmoja alikuwa akivua beji ya shule yake ya Kiyahudi kabla ya kupanda basi. Baba mmoja alikuwa amebadilisha jina analotoa mkahawani anapoagiza kahawa. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa ameacha kwaya ya mtaa, si kwa sababu walimfukuza, ila kwa sababu wakati wa mapumziko watu walikuwa wakinyamaza akikaribia. "Sina ushahidi wa lolote," akasema. "Nina mapumziko tu." Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameripoti. Wangeripoti nini? Nani anapiga simu kusema ameacha kuimba?

Clare aliyapeleka kwa kamati. Sikuwepo, lakini alirudi amevua koti, mashavu mekundu, akasema: "Hawafungi simu." Kisha akaketi akacheka kidogo, kama mtu aliyevuka barabara bila kutazama.

Kazi iliyofuata haikuwa na mapambo. Mabango yalipunguzwa. Yalikuwa yamewafurahisha hasa wale ambao hawakuwa na tatizo. Badala yake, kila aliyepiga simu alipigiwa tena na mtu mwenye jina, akaambiwa kilichofanyika, hata kama hakikufanyika kitu. Walimu wawili wa shule ile ya beji walianza kupanda basi lile lile mchana. Na mahali palipokuwa na majirani walionyamaziana, mtu wa kusuluhisha alikwenda, akakaa, akanywa chai ya pande zote mbili.

Baada ya mwaka, taarifa zikapanda. Kamati ilishtuka. Safari hii niliitwa mimi, na mjumbe mmoja mwenye sauti kubwa akaniuliza: "Kwa hiyo tumefanya mambo yawe mabaya zaidi?"

Nilikuwa na hofu. "Mheshimiwa," nikasema, "taarifa zinatuonyesha watu wangapi wamesema. Hazituonyeshi peke yake wangapi wameumizwa. Huenda maumivu yameongezeka. Huenda imani imeongezeka. Ndiyo maana tunauliza yote mawili, na tunarudi kwa watu wale wale."

"Na jibu ni lipi?"

"Wengi wanasema sasa wanajua pa kupiga. Baadhi wamerudia mambo waliyoyaacha. Wengine hawajarudia. Na maoni ya jiji kwa jumla hayajasogea sana. Nitakudanganya nikisema yamesogea."

Alitaka jibu fupi zaidi.

Bwana Lionel alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakurudia. Mezuza yake ilibaki ndani. Aliniambia hivyo bila aibu, nami nikaandika hivyo. Jirani alikuja, wakazungumza, alikiri kwamba swali lake lilikuwa la kijinga. Sasa wanasalimiana. Nilimuuliza kama inatosha. Akasema, "Ni salamu, bab. Ni afadhali kuliko ukimya, na si sawa na ngazi."

Mzee Gurdeep alistaafu kabla yangu, akafa majira ya kuchipua, usingizini, mahali pazuri pa kufia mtu aliyechoka na majedwali. Mwanawe aliniomba niseme neno kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kuzungumza naye lugha hiyo. Nilisema alikuwa mtu aliyesoma mpaka pembezoni.

Hayo ni ya kazini. La mwisho limetokea nikiwa nimekwisha staafu, barua hii ikiwa bado haijaisha, na nalitia hapa kwa sababu hakuna dodoso litakaloliuliza.

Wambui, yule yule aliyeona tangazo, alikuja kwangu Jumamosi moja mchana. Tulikuwa tunamenya viazi. Akatoa simu anisomee ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye kundi la akina mama wa kanisa, kwamba Wayahudi wachache hukutana na kuamua kila bei na kila ugonjwa duniani. Aliusoma kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa.

Miaka yote nilikuwa nimefundishwa nisionyeshe hisia usoni. Mtu akisema lolote, wewe unatia alama na kushukuru. Mikono yangu ilishika kisu na kiazi, na hakukuwa na kadi.

"Wambui, hiyo ni chuki," nikasema. "Ni ya zamani, na imeua watu."

"Aa, mimi natuma tu. Sijasema naamini."

"Umewatumia wangapi?"

Alinitazama kama nimempiga kofi. "Kwa hiyo mimi ndiye mbaya? Mimi niliyewaosha wazee wa kila dini nchi hii?" Akachukua mkoba wake. Viazi vyake vilibaki nusu vimemenywa, vikageuka rangi. Siku saba hakupiga simu, nami, niliyebisha hodi kwenye nyumba za wageni mara sita sita, nilishindwa kwenda kwake hata mara moja.

Siku ya nane simu ililia.

"Nilimuuliza aliyenitumia kama ana uhakika," Wambui akasema, bila salamu. "Hana. Naye alitumiwa. Nikamuuliza huyo mwingine. Hana. Basi nimeufuta, na nimewaandikia kundini kwa nini."

"Wamesemaje?"

"Wawili wametoka kwenye kundi. Mmoja amenitukana kidogo. Na Mama Njeri ameniuliza swali."

"Swali gani?"

"Ameuliza, kama hiyo ni uongo, ukweli ni upi? Nami, Kavata, sikujua pa kuanzia."

Nilitazama dirishani. Kulikuwa na mwanga ule mweupe wa saa kumi, usio wa jua wala wa mvua.

"Uko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Hapa nje kwako. Ndani ya gari. Yeye yuko nami."

Niliweka maji ya chai ya watu watatu, nikaenda kufungua mlango.